Samaki Ameharibika au Bado? Utando Unaobadilika Rangi na Yale Usioweza Kutuambia

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unapungua.)

  Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni endelea na kazi yako huku umetega sikio, na kama unanyonyesha, mweke mtoto vizuri kifuani, ukae raha, tuzungumze.

Leo habari yetu ni samaki. Mama mmoja anayetusikiliza upande wa Likoni alituandikia ujumbe wa simu, nami nausoma jinsi alivyouandika: "Sista, nimesikia kuna karatasi ya kufungia samaki, samaki akianza kuoza ile karatasi yageuka rangi yenyewe. Ni kweli? Na kama ni kweli twaipata wapi? Maana tangu mtoto wangu wa miaka mitatu aharishe baada ya kula samaki, mama mkwe amesema samaki asiingie tena nyumba hii."

Mama, ahsante kwa swali. Hapo kuna maswali mawili. La kwanza ni la karatasi, la pili ni la mama mkwe. Nitayajibu yote mawili, lakini naanza na karatasi kwa sababu ukiielewa inavyofanya kazi, utapata hata maneno ya kumwambia mama mkwe.

Ni kweli ipo. Hasa si karatasi, ni utando mwembamba kama nailoni ya kufunikia chakula, au kipande kidogo kama lebo, ambacho huwekwa ndani ya pakiti ya samaki au kamba. Samaki akiwa mzima kina rangi moja. Samaki akianza kuharibika, rangi hugeuka, na mnunuzi anaona kwa macho kabla ya kufungua pakiti. Watafiti wa nchi nyingi wamekuwa wakiitengeneza kwa miaka. Kwa mfano, mwaka wa 2007 watafiti wa Dublin City University huko Ireland walichapisha kazi yao ya kitambuzi cha namna hiyo, ambacho rangi yake ya manjano ilikuwa ikigeuka samawati kadiri samaki ndani ya pakiti alivyozidi kuharibika. Tangu wakati huo wengine wengi wameingia katika kazi hiyo, na siku hizi wanapenda zaidi rangi za mimea kuliko rangi za maabara.

Sasa, rangi inajuaje kwamba samaki ameoza? Hapa akina mama nataka mnisikilize, kwa sababu jambo hili mnalijua tayari, ila hamjaambiwa jina lake.

Samaki akishakufa, vijidudu vilivyo kwenye ngozi yake, kwenye matamvua na ndani ya matumbo vinaanza kuila nyama yake. Vinapokula vinatoa hewa. Moja ya hewa hizo ni amonia, ile inayochoma pua ukiingia kwenye choo cha mkojo kisichooshwa. Nyingine inaitwa trimethilamini. Samaki wa baharini ana kitu cha asili mwilini kinachomsaidia kuishi katika maji ya chumvi, na vijidudu hukigeuza kitu hicho kuwa trimethilamini. Hiyo ndiyo shombo. Samaki aliyetoka majini sasa hivi hana shombo, ananukia bahari tu, na mvuvi yeyote atakuambia hivyo.

Hewa hizi zote mbili ni za jamii ya alkali. Alkali ndiyo jamii ya magadi tunayotia kwenye kunde, ya munyu wa majivu wanaoupenda ndugu zetu wa magharibi kwenye mboga, na ya sabuni ya kipande. Jamii iliyo kinyume chake ni asidi: limau, ukwaju, siki, maziwa lala. Na kuna rangi za mimea ambazo zikikutana na asidi huwa hivi, zikikutana na alkali huwa vile.

Mfano uko karainini kwako. Je, umewahi kufua kanzu au kitambaa cha meza kilichomwagikiwa mchuzi wa bizari? Doa lilikuwa manjano. Ulipolipaka sabuni, likageuka jekundu kama damu, ukashtuka. Ulipolisuuza sana kwa maji likarudi manjano. Hiyo ni rangi ya bizari ikikuambia kwamba imekutana na alkali. Wanasayansi wakachukua jambo hilohilo, wakaichanganya rangi ya bizari na wanga au na kitosani, kitu kinachotolewa kwenye maganda ya kamba na kaa, wakamimina mchanganyiko kwenye sinia, wakaukausha ukawa utando. Utando wa manjano. Hewa za samaki anayeoza zikiujaa, unaanza kuwa rangi ya chungwa, kisha wekundu wa kahawia.

Rangi nyingine wanayoitumia zaidi inaitwa anthosianini. Iko kwenye kabichi ya zambarau, kwenye viazi vitamu vyenye nyama ya zambarau, na kwenye rosela, yale maua ya chai nyekundu. Hiyo katika asidi ni nyekundu au waridi, katikati ni zambarau, katika alkali huelekea samawati na kijani, na alkali ikizidi sana huwa manjano.

Ukitaka kuwaonyesha watoto, ni rahisi na haina hatari. Katakata kabichi ya zambarau, ichemshe dakika kumi hivi, chuja yale maji. Yagawe katika vikombe vitatu vya glasi. Kimoja kamulie limau, kingine tia magadi kidogo, cha tatu kiache. Watoto watakaa pale jioni nzima, na yule wa darasa la saba atakuelezea mambo ya asidi kuliko mimi. Lakini tafadhali, hayo maji ni ya kuchezea na kujifunzia. Usiyafanye kuwa kipimo cha samaki wa kula. Utando wa maabara unapimwa kwa samaki wa aina fulani, katika pakiti ya ukubwa fulani, na rangi zake zinalinganishwa na hesabu ya vijidudu. Cha jikoni hakina hesabu hiyo.

Swali la wapi utaipata. Mama, ukienda Marikiti kesho, au Kongowea, au Gikomba kule Nairobi, hutaikuta. Samaki wetu anauzwa wazi. Analala mezani au kwenye karai, mama karanga anakufungia kipande kwenye gazeti, umekwenda. Utando huu unafanya kazi kwa kuzinasa hewa zilizofungiwa ndani ya pakiti. Pasipo pakiti, hewa inakwenda na upepo na rangi haina cha kukuambia. Hata aliyenunua pakiti yenye utando huo, akishaifungua na kula nusu, ile nusu nyingine haina tena kipimo. Basi hata ikifika nchini, itafika kwanza kwenye mafriji ya supamaketi na kwa wale wanaosafirisha samaki ng'ambo, sio kwa mama anayenunua vibua vya kukaanga.

Mimi binafsi silii sana kwa sababu hiyo. Kuna kitu kingine kinachobadilika rangi ambacho tayari kiko Kenya, kiko katika kila kituo cha afya, na ninakitazama kila siku ya kliniki. Nataka mkijue.

(Muziki mfupi.)

Siku ukimleta mtoto kupata matone ya polio, mwambie muuguzi akuonyeshe kichupa. Usione haya, ni haki yako. Juu ya kichupa kuna alama ndogo ya duara, na katikati ya duara kuna mraba. Chanjo ikitoka kiwandani mraba ni mweupe au rangi hafifu kuliko duara. Kadiri kichupa kinavyokaa kwenye joto, mraba unaiva, unakuwa mweusi polepole. Mraba ukiwa bado ni hafifu kuliko duara, chanjo inatumika, kama tarehe yake haijapita. Mraba ukilingana na duara kwa rangi au ukilipita kwa weusi, chanjo hiyo hatumpi mtoto, tunaitupa. Alama hiyo ilianza kuwekwa kwenye vichupa vya polio mwaka wa 1996, na kabla ya hapo muuguzi aliyeletewa chanjo kwa baiskeli juani hakuwa na namna ya kujua kama safari iliiharibu.

Sikilizeni tofauti. Alama ya polio haiijui chanjo iliyomo ndani. Haiigusi hata. Inajua vitu viwili tu: joto na muda. Ukiiacha saa moja juani inahesabu, ukiirudisha kwenye friji inapunguza mwendo, lakini haifuti ilichokwisha kuhesabu. Lebo za namna hiyohiyo za kuhesabu joto zipo pia kwa ajili ya vyakula, samaki wakiwamo. Ule utando wa kabichi na bizari ni kitu kingine: wenyewe ni pua. Haujui samaki alipita wapi, unanusa tu kilichopo sasa.

Ningeulizwa ni kipi kiletwe kwanza kwa samaki wa pwani yetu, ningechagua kinachohesabu joto. Nitawaambia kwa nini, na hapa ndipo penye hatari ambayo akina mama wengi hawajaisikia.

Kuna siku ililetwa kituoni familia nzima, baba, mama na watoto watatu. Nyuso nyekundu, macho mekundu, mwili unawasha, vipele kama vya upupu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Mmoja anatapika. Baba alikuwa ameshasema wamerogwa, kwa sababu, alisema, ugonjwa gani huo unaoingia watu watano kwa nusu saa? Tulipouliza walichokula, walikuwa wamekula jodari mkubwa, wamemgawana. Nikauliza, alikuwa ananuka? Mama akaapa hakunuka. Alikuwa ameiva vizuri? Amekaangwa hadi amekauka. Na mama alikuwa akisema kweli tupu.

Jodari, vibua, nguru, dagaa wa baharini na jamaa zao wana kitu kwenye nyama yao ambacho vijidudu hukigeuza kuwa histamini. Hii hutokea samaki anapokaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, kwa mfano akilala ndani ya ngalawa tangu usiku mpaka saa nne asubuhi bila barafu. Histamini inaweza kujaa kabla samaki hajatoa shombo wala kulegea. Na ikishaingia haitoki. Kumkaanga hakuiondoi. Kumchemsha hakuiondoi. Kumgandisha baadaye hakuiondoi, na hata wa mkebe akitengenezwa kutokana na samaki aliyekuwa nayo, atakuwa nayo. Wengine husema walipokula walihisi mdomo unachoma kama wamekula pilipili. Ukihisi hivyo kwenye samaki ambaye hukumtia pilipili, acha kula hapo hapo na uwazuie watoto.

Utando unaonusa amonia na trimethilamini unaweza kukuonyesha rangi nzuri ya samaki mzima wakati histamini imeshajaa. Lebo ya joto ingekuwa imeshaiva tangu kwenye ngalawa. Ndiyo sababu ya chaguo langu.

Familia ile ilipewa dawa ya kuzuia histamini, wakaangaliwa, na jioni walikuwa nyumbani. Wengi hupona siku hiyohiyo. Lakini mwenye pumu au mgonjwa wa moyo anaweza kuzidiwa, kwa hivyo usikae nyumbani kungoja. Na ukija, sema mlikula nini, saa ngapi, na wangapi wameugua. Kama kipande kimebaki, kilete kwenye chombo kilichofunikwa. Hilo linatusaidia kutofautisha. Wakiugua wengi waliokula samaki mmoja, tunafikiria histamini. Akiugua mmoja tu, na kila akila samaki ni hivyo hivyo, basi huenda mwili wake unamkataa samaki, na huyo ana shauri lake jingine. Midomo ikivimba au pumzi ikiwa ngumu, usiulize ni lipi kati ya hayo mawili. Mkimbize hospitali.

Yapo mengine ambayo utando hauyaoni. Hauoni kipindupindu. Samaki aliyeoshwa kwa maji machafu anaweza kuwa mbichi kabisa, macho yanang'aa, na bado akabeba vijidudu vya kipindupindu au vya homa ya matumbo, kwa sababu vijidudu vya maradhi si lazima vitoe harufu. Hauoni sumu ya bunju. Hauoni zebaki iliyo kwenye papa na nduaro wakubwa, ndiyo maana tunamwambia mama mjamzito apende samaki wadogo zaidi. Na hauoni dawa za wadudu. Wale wa Ziwa Victoria mnakumbuka mwaka wa 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa wasiingie kwao kwa ajili ya wasiwasi kwamba wengine walikuwa wakivuliwa kwa dawa hizo. Samaki wa namna hiyo angepita mbele ya utando wa kabichi bila kuubadilisha rangi hata kidogo.

Tena kuna jambo la limau. Mmeshaona kwamba ukimkamulia samaki limau au ukimpaka ukwaju, shombo inapungua. Ni asidi ikiishika alkali, basi. Jikoni kwako ni vizuri, chakula kinanoga. Lakini muuzaji akimpaka samaki wa jana limau akiwa bado mezani, anachoondoa ni harufu peke yake, vijidudu vingi viko pale pale na histamini iko pale pale. Samaki mbichi ambaye hajafika kwako na tayari ananukia limau au siki, muulize maswali. Na aliyekwisha kukaangwa mkavu kwa bizari na chumvi nyingi ndiye mgumu zaidi kumjua. Huyo mnunue kwa mama karanga unayemfahamu, anayekaanga samaki wa leo mbele ya macho yako. Wapo wengi waaminifu, na wamewalisha watoto wa pwani hii kwa miaka.

Kuna jambo dogo la kuchekesha kidogo. Baadhi ya watu, na zaidi ni wanaume, hawawezi kutofautisha nyekundu na kijani. Wamezaliwa hivyo. Baba wa namna hiyo ukimtuma dukani akanunue pakiti yenye lebo ya rangi, anaweza kukuletea iliyooza na akaapa kwamba ni nzima. Hata sisi wenye macho mazuri, chini ya balbu ya manjano ya kibandani au taa ya koroboi, zambarau na samawati zinafanana. Watengenezaji wengine wanajaribu kusoma rangi kwa kamera ya simu kwa sababu hiyo.

(Muziki mfupi.)

Sasa mama wa Likoni, na wote wasio na utando wala lebo, ambao ndio sisi sote. Tumia vyombo ulivyopewa na Mungu.

Anza na matamvua. Watu wengi huanza na macho, lakini macho yanaweza kukudanganya, kuna samaki ambaye macho yake hufifia mapema kwa kulala juu ya barafu. Fungua shavu, tazama ndani. Yawe mekundu, yenye unyevu, yasiyo na utelezi mzito. Yakiwa kahawia au kijivu, funga, rudisha. Mwenye biashara akikuzuia kumfungua samaki shavu, hilo nalo ni jibu. Kisha bonyeza mgongo kwa kidole: nyama irudi juu. Shimo likibaki, huyo si wa leo. Tumbo lisiwe limepasuka, magamba yasiwe yanapukutika yenyewe. Halafu nusa, na unuse kwenye matamvua, si kwenye mkia. Pweza na ngisi wawe wang'avu, wasiwe na rangi ya waridi inayosambaa. Kamba kichwa kisiwe cheusi wala kisilegee.

Kwa wale wa Kisumu, Busia na Homa Bay mambo ni yaleyale kwa ngege na mbuta. Kwa mgongo wazi muwe waangalifu zaidi, maana nyama imeshakatwa na mikono mingi imepita. Omena waliokauka watazame kama wana ukungu, na msimu wa mvua uliza walianikwa wapi. Waliokauka kwenye nyavu zilizoinuliwa ni wasafi kuliko waliomwagwa chini mchangani.

Kisha uliza swali ambalo lebo ya joto ingekujibia: "Huyu ametoka majini saa ngapi, na amelala kwenye nini?" Kwa joto letu, samaki asiye na barafu hamalizi hata siku moja. Akiwekwa barafu ya kutosha, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, anaweza kukaa siku nyingi na akabaki mzuri. Barafu iwe imetengenezwa kwa maji safi, ya kunywa. Ukinunua jodari au vibua, kwa hao ndio uwe mkali kabisa kuhusu barafu. Kama hakuna barafu, nunua changu au tafi siku hiyo, jodari utamla siku nyingine.

Fanya samaki awe kitu cha mwisho kununua sokoni, sio cha kwanza ukazunguka naye saa tatu kwenye matatu. Ukifika, toa matumbo na matamvua mara moja, maana ndiko kwenye vijidudu vingi, osha kwa maji safi, pika. Ubao na kisu ulichokatia samaki mbichi usikatie kachumbari kabla hujaviosha kwa sabuni. Pika mpaka nyama iachane na mfupa, isiwe na sehemu inayong'aa kama mbichi. Kiporo kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kama huna friji, pika kinachotosha, na kama kimebaki cha jioni mpe jirani kikiwa bado moto. Usimwekee mtoto mpaka asubuhi.

Nakuja kwa mama mkwe. Nasema kwa heshima, kwa sababu aliyeogopa ana sababu. Amemwona mjukuu wake akizidiwa. Lakini mtoto wa miaka mitatu anaharisha kwa mambo mengi: maji, mikono, kikombe cha nje, tunda lisilooshwa. Samaki akala jana, kuhara kukaja leo, tunamshika samaki kwa sababu ndiye tunayemkumbuka. Mwulize mama kwa upole, je, wengine waliokula samaki yule waliugua? Kama mlikula nyote na akaugua mtoto peke yake, na hakuwa na vipele wala uvimbe, samaki huenda hana kosa. Kumnyima mtoto samaki ni kumnyima protini na mafuta yanayojenga ubongo, na omena anayeliwa na mifupa yake ana kalisi nyingi. Mtoto akishatimiza miezi sita unaweza kuanza kumpa samaki aliyepondwa vizuri, miiba yote imetolewa.

Na siku akiharisha, kwa samaki au kwa kingine, usiache kumnyonyesha wala kumlisha. Mpe ORS, uichanganye kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, kidogo kidogo kwa kijiko, na akitapika ngoja dakika kumi uanze tena polepole. Uliza zinki kituoni. Atapewa kwa siku 10 hadi 14, na ummalizie hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Akiwa na damu kwenye choo, macho yakidumbukia, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea na kusinzia ovyo, usingoje mchana wala baba arudi kutoka kazini. Mlete.

Wiki ijayo nitajibu maswali yenu kuhusu minyoo, na tayari nina mengi. Mama wa Likoni, nitafurahi ukituandikia tena utuambie mama mkwe amesema nini. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga.)